Kiti cha babu: springi zibaki, msasa ukae mbali

Swali: Shikamoo, fundi. Marehemu babu yangu aliniachia kiti kikubwa cha mikono ambacho alipewa na Mzungu aliyemwajiri kama mpishi kule Limuru, familia hiyo ilipokuwa ikifunga virago kurudi Uingereza mwaka 1963. Kimekaa stoo kwa zaidi ya miaka kumi, na sasa nimekileta kwangu Buruburu. Kikalio kimezama, springi mbili zimejitokeza kwa chini, mguu mmoja wa nyuma unacheza, na kila nikikisogeza naona unga mweupe sakafuni. Fundi wa kando ya barabara niliyemwonyesha anasema atang'oa springi zote aweke ubao na sponji, apige msasa mbao zote, apake vanishi mpya, na kazi itakwisha kwa siku mbili. Je, nimkabidhi? Na je, naweza kukivalisha kikoi, maana babu alipenda sana vikoi? Ni mimi, Mjukuu, Buruburu.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Fundi huyo hakudanganyi. Anachokueleza ndicho anachokifanya kila siku, na lau ungempelekea sofa iliyoundwa juzi kwa mbao za mkaratusi, ningekwambia umkabidhi bila kusita. Ila kiti chako kiliundwa kwa utaratibu mwingine kabisa, na katika mambo matatu uliyonitajia, mawili hayana marejeo: springi zikishatupwa na kikalio kikishapigiliwa ubao, umbo la kiti limebadilika, na mbao zikishapigwa msasa, rangi iliyojijenga juu yake kwa miaka mingi hairudishwi na vanishi ya aina yoyote. Jambo la tatu, yaani kitambaa, ndilo jepesi. Kitambaa cha kiti huchakaa na kubadilishwa kama shuka la kitanda, na yaelekea hicho unachokiona sasa si cha kwanza. Kwa hiyo ushauri wangu wote una mwelekeo mmoja: pesa zako na subira yako zitangulie kule ambako mgeni hataona, na kitambaa kije mwisho kwa kiasi kitakachobaki mfukoni.

Tuanze na unga, kwa sababu huo ndio usiosubiri. Leo hii kitoe kiti sebuleni ukiweke peke yake mahali pakavu, mbali na meza na vitanda vyako vya mbao. Unga huo ni mabaki yanayosukumwa nje na bungua. Mdudu mzima hutaga mayai katika nyufa, na funza wake hula ndani ya mbao kwa miezi, pengine kwa miaka, kabla ya kugeuka mdudu na kutoka. Kile kitundu cha milimita 1 au 2 unachokiona ni mlango wa kutokea, wala si wa kuingilia. Ndiyo maana kudondosha dawa kwenye vitundu peke yake ni sawa na kumvizia mwizi kwenye mlango aliokwisha kutokea. Fagia unga wote, gonga fremu kwa kiganja mpaka usimwagike tena, tandika kitambaa cheusi chini ya kiti, kisha ukiache wiki tatu bila kukigusa. Unga mpya ukijilundika kama vichuguu vidogo juu ya kitambaa, wadudu wako hai. Usipoonekana, yawezekana ulichokuwa ukikiona ni unga wa zamani uliotikiswa na safari ya kutoka stoo.

Wakiwa hai, dawa hupakwa baada ya kitambaa na vijazo vyote kuondolewa, juu ya mbao tupu za ndani, maana haipenyi palipo na vanishi. Mimi hutumia boraksi na asidi ya boriki zilizoyeyushwa katika maji ya moto, nikapaka kwa brashi mara mbili au tatu, nikiiacha mbao inywe vizuri kila mara, na mikono yangu ikiwa ndani ya glavu. Kitu kimoja nakuomba umkataze fundi yeyote atakayekigusa kiti hiki: oili chafu. Najua inavyosifiwa kwa nguzo za ua. Ndani ya kiti haikauki, bali hupanda polepole kupitia gunia na pamba mpaka ikatokeza kwenye kitambaa kama doa lisilofulika, na gundi haishiki mahali ilipopita. Dizeli na mafuta ya taa ni ndugu zake, tena zina harufu ambayo utaishi nayo.

Dawa ikishakauka, chukua msumari mnene uchome fremu ya ndani hapa na pale. Viti vingi vya Kiingereza vilikuwa na mbao mbili: ya nje, inayoonekana, ikiwa mkangazi au nyingine ya thamani, na ya ndani, inayofichwa na kitambaa, ikiwa biichi, mti wa Ulaya unaopokea misumari midogo bila kupasuka lakini unaopendwa mno na bungua. Msumari ukizama kama kwenye andazi, ubao huo haufai kubeba springi na lazima ubadilishwe, wote au kipande, kwa mbao ngumu iliyokauka vizuri. Msumari ukigota, hata kama pana matundu mengi, uache ulivyo.

Hujauliza kuhusu umri, lakini najua utauliza. Kitazame kwa chini. Skrubu za kichwa cha nyota zilianza kuenea baada ya katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta mahali ambapo dhahiri hapajawahi kufunguliwa, kiti si cha zamani kupita hapo. Ukikuta skrubu za mfereji mmoja tu, na mfereji wenyewe haukupita katikati sawasawa, una kitu kikongwe zaidi. Inawezekana pia kwamba hakikutoka Uingereza hata kidogo. Tangu reli ifike Nairobi mwaka 1899, mafundi seremala wa Kihindi waliunda hapahapa fanicha nyingi za walowezi kwa mvule, mkangazi na msaji, na kazi yao hainipi sababu ya kuiweka chini ya ile ya London. Kwa sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali; ikiwa chako kiko upande wa huku wa mwaka huo, kama ninavyodhani, sheria hiyo haikuhusu. Zaidi ya hapo usijisumbue na umri, kwa kuwa namna ya kukitengeneza ni ileile.

Kukivua kiti ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe, na ningependa uifanye mwenyewe, kwa sababu ndipo utakapokijua. Vaa barakoa, kwani vumbi la ndani ni la miongo mingi na lina ukungu na manyoya. Piga picha kila hatua. Anza na kitambaa cha chini, halafu cha nyuma, kisha pande za nje za mikono, mgongo, mikono ndani, na kikalio mwisho. Fundi atakapokivalisha atafuata mpangilio huo kinyumenyume. Misumari midogo ing'oe kwa bisibisi butu na nyundo ya mti, ukigonga kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kamwe usiukate, kwa kuwa ukigonga kwa kukata utang'oa na kibanzi cha fremu. Usichane kitambaa cha zamani hata kama kimechoka, maana vipande vyake ndivyo vitakavyokuwa vielelezo vya kukatia kipya. Pitisha mkono taratibu katika mfereji kati ya kikalio na mgongo. Mimi nimeshatoa humo senti kumi zenye tundu, shilingi zenye simba za wakati wa wafalme, vibanio vya nywele na meno ya bandia, na kila mara nimemkabidhi mwenye kiti.

Sasa springi, ambazo ndizo moyo wa swali lako.

Watu huona kikalio kimezama wakasema springi zimekufa. Mara nyingi springi hazina kosa lolote. Kilichokufa ni mikanda ya juti iliyopigiliwa chini ya fremu, ambayo ndiyo sakafu springi zinaposimama. Juti hukauka na kuoza, msumari hulegea, mkanda mmoja hukatika, springi zilizokuwa juu yake huinamia upande, na mikanda iliyobaki hubeba mzigo usio wake mpaka nayo ikatike. Ndipo unapoona springi imejitokeza chini kama utumbo. Chuma chenyewe, kikiwa hakijaliwa na kutu, kinaweza kufanya kazi kwa miaka mingine mingi. Hakikisha mwenyewe: springi zikishatolewa zipange mezani, linganisha urefu wake, kisha ibonyeze kila moja kwa kiganja. Inayoinuka sawasawa na wenzake ni nzima. Iliyofupika, iliyoinama au iliyovunjika ndiyo ya kubadilishwa, na kwa kiti cha ukubwa huo, ambacho aghalabu huwa na springi tisa katika safu tatu za tatu, nitashangaa ukikuta mbovu zaidi ya mbili.

Za kubadilishia zitafute katika makochi mabovu yanayovunjwa, uchague zenye urefu na unene uleule. Usiende Kamukunji kumwomba fundi wa mabati akukunjie springi kwa waya wa kawaida. Ataikunja na itapendeza, kwani mikono ya watu wale haina mfano, lakini waya wa kawaida si chuma cha springi. Ukiukalia unashuka na haupandi tena.

Kazi yenyewe inakwenda hivi, na nakueleza kwa urefu ili ukimsimamia fundi ujue unachokitazama. Mikanda mipya ya juti, upana wa sentimita 5 hivi, hupigiliwa chini ya fremu kutoka nyuma kuja mbele, kisha mingine hupitishwa kushoto kwenda kulia, juu ya mmoja na chini ya mwingine kama mkeka. Kila mkanda huvutwa kwa kipande cha mti kama wenzo mpaka ukiupiga kidole unalia kama ngoma, ndipo misumari inapoingia, isipangwe katika mstari mmoja ulionyooka maana mstari huo hupasua ubao. Ncha ya mkanda hukunjwa na kupigiliwa tena. Fundi akikupa mkanda unaolala chini kama kamba ya nguo, mwambie auvute upya, kwa sababu kosa hilo huwezi kulirekebisha ukiwa juu. Springi husimamishwa palipokutana mikanda na kushonewa hapo kwa sindano iliyopinda na uzi imara, pointi tatu au nne kila springi. Kisha vichwa vyake hufungwa kwa kamba ya nyuzi za asili iliyosokotwa kwa kukaza: nyuma hadi mbele, upande hadi upande, na pembe hadi pembe, kila springi ikishushwa sentimita 5 hivi ili zote zifanye kilima kimoja kilicholainika. Kamba ya nailoni haifai, kwa kuwa huvutika na fundo lake huteleza. Kazi ya kamba hizi ni kuzifanya springi zisaidiane. Bila hizo kila moja ingejitegemea, na wewe ungehisi kila moja chini yako.

Juu ya springi huja gunia zito lisilo na mashimo, nalo hushonewa kwenye vichwa vya springi. Hapo ndipo kijazo kinapoanzia, na hapo ndipo nataka uwe macho, maana fundi asiyejua atakuwa ameshakitupa kwenye ndoo ya taka. Ukikuta nyuzi ndefu, nyeusi au za kijivu, zilizojikunja kama springi ndogo, hizo ni singa za farasi, na hazitupwi. Zichambue kwa vidole, zitie katika mfuko wa pamba, zifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zianike juani mpaka zikauke kabisa, nazo zitavimba zikawa kama mpya. Ukikuta nyuzi za kahawia, ngumu na fupi, hayo ni makumbi ya nazi, yaleyale ya magodoro ya Pwani. Yakiwa hayajavunjika yachambue uyatumie, yakiwa yamegeuka vumbi nunua mengine, kwa kuwa hayakosekani katika nchi yenye minazi. Sufi ifae kwa mto wa kuegemea tu, kwani chini ya uzito wa mtu hushindiliwa ikawa kama ubao. Kijazo hupangwa chini ya nyuzi zilizolegezwa juu ya gunia, hufunikwa kwa kitambaa chepesi cha juti, kisha ukingo wote wa mbele hushonwa kwa sindano ndefu safu kwa safu mpaka ufanye mkunjo mgumu kama kamba ya meli. Mkunjo huo ndio unaozuia kikalio kumwagika mbele ya magoti yako, nao ndio kazi ngumu kuliko zote katika kiti hiki. Fundi anayeujua hahitaji kunionyesha cheti. Baadaye huja tabaka la pili jembamba la singa, halafu marekani, ile pamba isiyopaushwa ambayo bibi zetu waliijua vizuri, ikavutwa na kupigiliwa kwa kukaza. Marekani ndiyo inayokipa kiti umbo lake. Kitambaa cha juu hakipaswi kufanya kazi yoyote isipokuwa kupendeza.

Na sponji je? Sponji ya poliyurethani ilienea katika fanicha kuanzia miaka ya 1950, na kwa kochi la kisasa sina neno nayo. Katika kiti chako ina makosa mawili. Kwanza, huwa na kingo za mraba na urefu wake haulingani na ule uliokusudiwa, kwa hiyo mikono ya kiti itaonekana imeshuka au imepanda, na mtu atahisi kuna kitu hakiko sawa asijue ni nini. Pili, baada ya miaka kadhaa huanza kumeguka ikawa unga wa manjano, wakati singa ulizozifua zitakuwa bado zinafulika. Nakubali suluhu moja: pesa zikipungukia kwenye lile tabaka la pili, sentimita 2 za sponji nzuri juu ya kijazo cha zamani, chini ya marekani, hazitakiharibu kiti, na anayekuja baadaye ataziondoa kwa dakika tano. Ila ubao mahali pa springi, hapana.

Mguu unaocheza si jambo kubwa, bali ni jambo linaloharibiwa kirahisi. Kiungo chake yaelekea ni cha ulimi na tundu, na gundi iliyokishika ni ile ya zamani iliyochemshwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hukauka na kuvunjika kama sukari guru. Msumari utapasua ulimi, na pembe ya chuma itakaza upande mmoja huku ikiuachia mwingine mzigo. Dawa yake ni kukifungua kiungo kabisa, kulainisha gundi kuu kwa kitambaa chenye maji ya moto, kuikwangua mpaka mbao ionekane, kukijaribu kiungo kikiwa kikavu, kisha kukigandisha upya na kukibana kwa siku nzima. Asiye na klampu ya kutosha azungushe kamba kwenye miguu yote minne na kuisokota kwa kijiti mpaka ikaze. Babu zetu wa useremala walifanya hivyo na viti vyao vingali vimesimama. Mimi hupendelea gundi ileile ya ngozi, iliyopashwa moto ndani ya chombo cha maji kwa nyuzi 60 hivi za Selsiasi, isichemke, kwa sababu fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kuifungua kama wewe ulivyofungua ya leo. Ikiwa utafanya kazi hii katika baridi ya Julai, pasha moto mbao kwanza, la sivyo gundi itaganda kabla hujakutanisha ulimi na tundu.

Nimefika kwenye msasa. Nilipokuwa bado kijana katika kazi hii niliwahi kuletewa meza ya mvule, nikaipiga msasa siku nzima na kuipaka vanishi mpaka ikang'aa kama maji, nikajiona nimekuwa fundi. Mwenye meza, mama mtu mzima, aliizunguka mara mbili, akapitisha kidole kwenye kona moja, akaniuliza, "Na ile yangu iko wapi?" Kwenye kona ile palikuwa na alama iliyounguzwa na pasi ya makaa ya mama yake. Alinilipa hadi senti ya mwisho na hakurudi tena.

Rangi ile nzito unayoiona kwenye mikono ya kiti cha babu yako, pale alipozoea kuweka viganja, iko katika tabaka jembamba sana, sehemu ndogo ya milimita, ambalo limetengenezwa na mwanga, nta, moshi, jasho na mguso wa miaka mingi. Msasa huliondoa kwa mikwaruzo michache, hulainisha kingo zilizochongwa kwa mkono, na mahali penye vinia, yaani ubao mwembamba uliobandikwa juu ya mwingine, hutoboa hadi mbao ya chini. Kwa hiyo kabla ya kuondoa chochote, tambua kilichopo. Chagua mahali pa siri, kwa mfano ndani ya mguu wa nyuma, ugusishe pamba yenye tone la spiriti. Mahali hapo pakinata baada ya muda mfupi, una shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India ambao huuzwa kama magamba na kuyeyushwa katika spiriti, na hiyo ni habari njema: shelaki mpya huyeyusha kidogo ile ya zamani na kuungana nayo, kwa hiyo haina haja ya kuondolewa. Pasiponata kwa spiriti lakini panata kwa thina, ni laka ya karne ya 20. Pakikataa vyote viwili, kuna mtu aliyekutangulia na vanishi ya kisasa, na hapo niandikie tena kabla hujafanya lolote.

Ikiwa ni shelaki, kama ninavyotarajia, osha kwanza. Tapentaini kidogo kwenye kitambaa laini cha pamba, ukibadilisha upande kila unapochafuka, itatoa masizi na nta ya miaka mingi, na huenda ukagundua kwamba kiti hakikuwa cheusi kamwe. Baada ya hapo paka shelaki nyembamba kwa kitambaa kilichofungwa kama mpira mdogo, mikono mepesi, tabaka mbili au tatu tu palipochakaa, na siku moja kati ya tabaka na tabaka. Mwisho ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na tapentaini juu ya maji ya moto, kamwe isiwe juu ya moto wenyewe kwa sababu tapentaini hushika moto upesi. Mikwaruzo na alama zitabaki, na ziachwe zibaki.

Kuhusu kikoi, naelewa sababu yako na sitaki kukukatisha tamaa, lakini kikoi kilifumwa kwa kufungwa kiunoni. Ukikivuta kwa nguvu inayohitajika kwenye kikalio, nyuzi zake zitaachana, na mahali pa kukaa patatoboka upesi. Kama ni kumkumbuka babu, shonesha mto mdogo wa kikoi uwekwe mgongoni, au tandaza kikoi chenyewe juu ya egemeo ambapo hakivutwi na mtu. Kwa kiti chenyewe nunua kitambaa cha fanicha. Biashara Street na Eastleigh vipo vya kila namna. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 140, mita 5 zitatosha kiti cha kawaida cha mikono, na uongeze mita moja kikiwa na maua makubwa yanayopaswa kukutana kwenye mishono. Muulize mwenye duka kipimo cha Martindale, yaani mara ngapi kitambaa kilisuguliwa kwenye mashine kabla ya kuchakaa. 25,000 na kuendelea ni kizuri kwa nyumba yenye watoto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jua letu hupausha kitambaa upesi, kwa hiyo ikiwa kiti kitakaa karibu na dirisha, usichague nyekundu iliyokolea wala buluu nzito. Ngozi bandia sipendekezi hata kwa kiti cha ofisi.

Sasa rudi kwa fundi wako. Sikwambii umwache, kwa sababu mafundi wa kando ya Ngong Road na kwingineko wana mikono mizuri, na wengi wao hufanya kazi ya siku mbili kwa kuwa mteja hulipa ya siku mbili. Mwulize kama amewahi kufunga springi kwa kamba na kushona ukingo wa gunia, umwombe akuonyeshe kazi iliyo wazi kabla haijafunikwa. Kama hajui, lakini ana hamu ya kujifunza, mpe fremu na kitambaa, umtafutie mzee wa kumsaidia kwenye kikalio. Patana naye kwa hatua, wala si kwa siku: malipo ya kwanza mikanda ikishavutwa nawe ukaipiga kidole, ya pili marekani ikishakaa, ya mwisho kitambaa kikishapigiliwa. Mwambie tangu mwanzo kwamba gundi na shelaki zina muda wake wa kukauka, na kwamba hutampigia simu kila jioni kumharakisha. Kazi kama hii kwangu huchukua wiki mbili hadi tatu, bila kuhesabu zile wiki tatu za kuwavizia bungua.

Mgongo wa kiti sijaugusia kwa makusudi. Viti vingine vina springi ndogo mgongoni, vingine vina gunia na singa peke yake, na mgongo ambao haujazama wala kutoboka mara nyingi mimi huuacha na kijazo chake cha zamani, nikabadilisha kitambaa tu. Fungua kitambaa cha nyuma, piga picha mbili tatu katika mwanga wa asubuhi, nitumie pamoja na majibu ya tone la spiriti, na hapo nitakwambia kama uufungue au uuache.